Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: mashine za kupumulia zifunuliwe

Mheshimiwa Waziri,

Kwa heshima zote, nakuandikia hadharani kwa sababu barua nilizozifikisha ofisini kwako hazijajibiwa, na kwa sababu juma lililopita tumemzika kaka yangu, aliyeugua nimonia kali iliyosababishwa na virusi.

Alianzishiwa oksijeni ya mrija wa puani, ambao hutoa lita chache tu kwa dakika. Kipimo cha kidoleni cha oksijeni ya damu kiliposhuka chini ya asilimia 90 alivishwa barakoa yenye mfuko, na hapo ndipo tiba ilipogota. Barakoa hiyo huhitaji lita 10 hadi 15 kwa dakika ili mfuko usinywee. Wa kaka yangu ulinywea kabisa kila alipovuta pumzi, kwa kuwa mtungi mmoja uligawiwa wagonjwa wawili. Hatua chache kutoka kitandani kwake ilisimama mashine ya CPAP, inayosukuma hewa kwa shinikizo la kudumu ili vifuko vya mapafu visijifunge, ikiwa bado imevikwa nailoni. Pengine hapakuwa na aliyefunzwa kuitumia. Pengine oksijeni ya kuiendesha haikutosha. Hakuna aliyenieleza. Uliikabidhi wewe mwenyewe, Mheshimiwa, na utepe ulikatwa vizuri sana.

Mimi si daktari. Hata hivyo, utafiti wa Uingereza uitwao RECOVERY-RS, uliochapishwa mwaka 2022, ulilinganisha njia hizi kwa wagonjwa wa UVIKO-19. Kati ya waliowekewa CPAP, takriban asilimia 36 walifariki au walihitaji kuingizwa mpira wa kupumulia ndani ya siku 30, ilhali kwa waliopewa oksijeni ya kawaida ilikuwa asilimia 44. Oksijeni ya puani yenye mkondo mkubwa haikuonyesha nafuu ya maana kuliko ile ya kawaida, nayo yaweza kutumia hadi lita 60 kwa dakika, kiasi cha kumaliza mtungi wa lita 6,800 kabla ya saa mbili. Basi usituletee mashine za mkondo huo kwa mbwembwe wakati mitungi yenyewe tunaigombania.

Ninachoomba ni kimoja: mashine zilizopo zifunuliwe. Wauguzi wafunzwe, wa zamu ya usiku wakiwemo, oksijeni ipatikane, na mgonjwa ambaye barakoa haimtoshi ahamishiwe CPAP kabla hajachoka kupumua. Uliyaahidi haya siku ya utepe. Rambirambi zako tumezipokea. Sasa tunaomba tarehe ya kuzifunua mashine.

Wako mtiifu,
Ndugu wa marehemu