Wanaosomea ranchi wafundishwe kuhesabu majani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme neno na vyuo vyetu vya mifugo, na pia na vijana wanaojaza fomu za kujiunga navyo wakitarajia siku moja kusimamia ranchi. Mhitimu wa stashahada hutoka akijua kuchanja, kuhasi, kuvika hereni na kutambua ugonjwa wa ndigana kali kwa tezi zilizovimba chini ya sikio. Ni ujuzi wa lazima, lakini ni wa tabibu. Meneja wa ranchi kazi yake huanzia kwenye majani, na hapo ndipo mafunzo yetu yalipo membamba. Ng'ombe wengi wanaokufa kwa njaa Oktoba, hesabu yao ilikuwa imeshaharibika tangu Mei, majani yakiwa bado yamesimama na hakuna aliyeyapima.

Kuyapima hakuhitaji maabara. Tengeneza fremu ya nondo ya nusu mita kwa nusu mita. Mvua zikiisha, tembea kwa mstari ulionyooka kukatiza eneo lote, na kila baada ya hatua 50 weka fremu pale mguu ulipoishia. Kata majani yaliyo ndani yake, yaanike hadi uzito ukome kupungua, kisha pima. Gramu ulizopata zidisha kwa 40. Hizo ni kilo kwa hekta. Wastani wa gramu 50 maana yake ni kilo 2,000 kwa hekta. Wanafunzi hukosea sehemu tatu: hukwepa vipara na kuweka fremu penye majani mazuri, hupima majani mabichi yaliyojaa maji, au hukata sampuli nne tano wakasema zinatosha. Chini ya sampuli 20 kwa kila aina ya eneo, wastani huo usiuamini.

Sasa, si kilo zote 2,000 ni za ng'ombe. Mengine hukanyagwa, mengine huliwa na mchwa, na mengine ni lazima yabaki ili kufunika udongo na kulinda mizizi. Tukichukua asilimia 40, tunabaki na kilo 800 kwa hekta. Ng'ombe wa kilo 250 hula majani makavu kiasi cha asilimia 2.5 ya uzito wake, yaani kilo 6.25 kwa siku. Katika mkoa kama Dodoma, wenye msimu mmoja wa mvua, majani yaliyopo tarehe 15 Mei ndiyo yatakayoliwa mpaka mapya yakomae katikati ya Januari, siku 245. Ongeza 30 za tahadhari, kwa kuwa mvua haisomi kalenda, zinakuwa 275. Ng'ombe mmoja atahitaji kilo 1,719, sawa na hekta 2.15. Ranchi ya hekta 1,000 itabeba ng'ombe 465 wa uzito huo. Jike wa kilo 400 asihesabiwe kama mmoja. Huyo ni 1.6.

Ukiweka 700 kwenye hekta hizohizo, majani yanaisha baada ya siku 183, tarehe 14 Novemba. Kuanzia hapo ng'ombe wanaingia kwenye ile akiba ya udongo. Mvua ya kwanza inakuta ardhi tupu, maji yanapita juu juu na kuondoka, nyasi za kudumu zinakufa mizizi, na baada ya miaka michache panaota vichaka visivyolika. Watu wataita ukame.

Hesabu hiyo ndiyo inayopanga hata uzazi. Mimba ya ng'ombe ni siku 283 hivi. Madume wakiingizwa kundini tarehe 1 Februari na kutolewa 30 Aprili, dume mmoja kwa majike 25, ndama watazaliwa kuanzia Novemba 11 hadi wiki ya kwanza ya Februari, mama apate majani mabichi wakati wa kunyonyesha na arudi kupandwa akiwa na mwili. Mwezi Julai, mimba ya mwisho ikiwa imepita siku 60, mtaalamu apime majike wote kwa mkono kwenye kibanio. Walio tasa wauzwe mwezi huohuo, wangali wanene. Jike tasa wa kilo 400 akiachwa kuanzia 15 Julai hadi 15 Januari atakuwa amekula kilo 1,840 za majani, mazao ya zaidi ya hekta mbili, bila kukupa ndama. Na akipelekwa mnadani Oktoba anakwenda mifupa. Shida ya mpango huu ni kwamba unadai uzio imara wa kutenga madume, wala boma la miiba halimzuii dume aliyesikia harufu ya jike mwenye joto. Mzazi anayetaka kujua kama chuo kinafuata kinachofundisha, aombe kuona daftari la vizazi. Ndama wakiwa wamezaliwa kila mwezi wa mwaka, madume hawatengwi.

Joshoni nako tatizo ni hesabu zaidi kuliko dawa. Amitrazi, dawa ya kuua kupe, ikiwa ya asilimia 12.5 kwa kawaida huchanganywa lita 1 kwa lita 500 za maji, hivyo josho la lita 15,000 huanza na lita 30. Baadaye mvua huingia, kina kinapanda, dawa inakuwa hafifu, na kupe wanaobaki hai ndio wanaozaa kupe sugu. Suluhisho ni fimbo ya kupimia kina iliyowekwa alama kila lita 500, isomwe kabla na baada ya kuogesha, na kiasi cha kuongeza kifuate kibandiko cha kopo. Ng'ombe wanyweshwe kwanza wasije wakanywa joshoni. Na kumi wa mwanzo warudishwe waoge tena, maana walipita dawa ikiwa imetuama chini.

Vitabu vya fedha nitavigusa kwa mstari mmoja tu ambao kila mwanafunzi aukariri: waliokuwepo, ongeza waliozaliwa na walionunuliwa, toa waliokufa na waliouzwa, lazima ulingane na idadi inayohesabiwa mlangoni mwa zizi. Ufanywe kila mwezi. Usipolingana, kuna wizi au kuna vifo vilivyofichwa. Na pampu ya shilingi milioni 12 itakayodumu miaka 8 ina gharama ya uchakavu ya milioni 1.5 kila mwaka, hata mwaka ambao haikuharibika.

Huko Texas, chuo cha jamii cha Clarendon College kina kozi mahsusi ya uendeshaji wa ranchi na vituo vya kunenepesha ng'ombe. Hatuna haja ya kuiga mashine zao. Sisi tuna chuo Mpwapwa na Ranchi ya Kongwa jirani yake. Kundi la wanafunzi likabidhiwe hekta 100 na ng'ombe 40, lipime majani Mei na kuandika tarehe ambayo linadhani yataisha. Kwa kuwa mafunzo ya vitendo ya wiki chache hayawezi kuonyesha mwaka mzima wa majani, kundi linaloondoka likabidhi daftari kwa linaloingia, kila ng'ombe ahesabiwe mbele ya pande zote mbili na saini ziwekwe. Alama za mtihani zitolewe Januari, kwa kulinganisha ile tarehe iliyoandikwa Mei na hali ya malisho siku hiyo.

Msomaji wako,
Dodoma