Mfumo wa kompyuta usinunuliwe kwa kufuata mtindo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na viongozi wa vikundi na SACCOS za hapa Mwanza ambao siku hizi wanatengenezewa mifumo ya kompyuta na simu, kwani sisi wauza dagaa wa Mwaloni Kirumba tumekwisha kuumia.

Mwaka 2017 kikundi chetu kilimlipa kijana mmoja atutengenezee mfumo wa kuandikia magunia yanayoingia na mikopo ya wanachama. Aliujenga kwa AngularJS, mojawapo ya zana ambazo mafundi wa programu huziita fremuweki, nami nazifananisha na mataruma ya mtumbwi ambayo fundi anayakuta yamekwisha kuchongwa, kazi yake ikabaki kupigilia mbao. Hatukujua kuuliza, wala yeye hakutueleza, kwamba Google, wenye AngularJS, walikuwa wamekwisha kutoa Angular nyingine mwezi Septemba 2016, iliyoandikwa upya kiasi kwamba programu ya zamani haiwezi kuhamia humo bila sehemu yake kubwa kuandikwa tena. Mwisho wa mwaka 2021 ile ya zamani ikaachwa kuhudumiwa. Kijana wetu alikuwa amepata kazi Dar es Salaam, na mafundi watatu tuliowaita walitoa jibu moja: wao ni watu wa React, fremuweki nyingine, kwa hiyo tuanze upya na tulipe upya.

Sisemi kwamba mabadiliko haya ni ulimbukeni mtupu. React, iliyotolewa na Facebook mwaka 2013, ilipendwa kwa sababu ilirahisisha kazi, na Flutter, iliyofikia toleo lake la kwanza kamili Desemba 2018, inamwezesha fundi kuandika mara moja programu ya Android na ya iPhone. (Wanachama wetu wengi wana simu za kitochi, wao wanachotaka ni ujumbe mfupi wa salio tu.) Hata hivyo, kuwa na mwenye nguvu nyuma yake si kinga: Xamarin, fremuweki ya Microsoft, iliachwa kuhudumiwa Mei 2024, ilhali jQuery, zana ya kutengenezea tovuti ya mwaka 2006, ambayo vijana huicheka, ingali imo ndani ya tovuti nyingi mno duniani.

Kwa hiyo kiongozi asiulize fremuweki ipi inavuma. Aulize ni mafundi wangapi wa hapa Mwanza wanaoweza kuirekebisha huyu wa leo akiondoka, kisha adai katika mkataba kwamba msimbo wote, yaani maandishi ya fundi yanayoiendesha programu, utakabidhiwa kwa kikundi, na kwamba kumbukumbu zitaweza kutolewa zikiwa majedwali ya kawaida ambayo mfumo wowote mwingine unayasoma. Sisi tulipoulizia msimbo wetu tuliambiwa ulikuwa kwenye kompyuta ya yule kijana, na kompyuta yenyewe ilikwisha kuuzwa. Mhasibu wetu alikaa wiki tatu akinakili mikopo ya wanachama kutoka kwenye kioo hadi kwenye daftari, kwa mkono.

Fundi tunayezungumza naye sasa amekubali kutoa kumbukumbu. Kuhusu msimbo bado anavuta, nasi hatujampa malipo ya awali.

Mjumbe wa kikundi cha wauza dagaa,
Kirumba, Mwanza