Saa ya elfu arobaini, kuisafisha elfu sitini: kwa nini?

"Fundi, saa yenyewe nimeinunua elfu arobaini, wewe unataka elfu sitini kuisafisha?" Swali hili haliishi dukani kwetu, na majuzi mteja mmoja aliondoka kwa hasira akisema tumemwona mshamba. Hatukumwonea. Tunaeleza hapa kwa sababu wanaonunua saa za mkono za zamani, Seiko 5 za Japani na HMT za India, wanaongezeka, na wengi wanaumia palepale.

Bei ya kusafisha haifuati bei ya saa. HMT Janata ya kutia ufunguo na saa ya Uswisi ya mamilioni zote zina kamani (springi kuu inayoiendesha saa), magurudumu, balansi (gurudumu linaloyumba huku na huku kupima mwendo) na mawe madogo yanayoshika ncha za magurudumu. Zote tunazifungua skrubu moja moja, tunaosha, tunakagua kila ncha ya gurudumu kwa lenzi, ndipo tunapaka mafuta: mazito sehemu zenye nguvu kubwa, mepesi kabisa kwenye ncha za magurudumu, na kuna mahali tone halitakiwi kufika kabisa. Tukishafunga, saa inawekwa kwenye kipimo cha mapigo ikiwa imelala chali, kifudifudi na ubavu, halafu inabaki kwetu siku kadhaa tukiitazama. Seiko yenye mashine ya 7009 hupiga mara 21,600 kwa saa, yaani mara 6 kila sekunde, usiku na mchana. Ikitembea hivyo huku mafuta yamekauka, chuma kinasaga chuma.

Sasa njia ya mkato inayotuuma zaidi: "Usifungue yote, fundi, tia katone tu." Kuna kaka alituletea 7009 iliyokuwa imetiwa mafuta ya cherehani mahali pengine, kupitia mfuniko wa nyuma, bila kuoshwa. Mwanzoni ilitembea vizuri, akafurahi kwamba ameokoa hela. Baadaye mafuta yakatambaa hadi kwenye springi ya balansi, mizunguko yake ikashikana, saa ikaanza kukimbia. Tulipofungua tulikuta vumbi la zamani limegeuka tope jeusi, na ncha ya gurudumu moja imeliwa upande. Ilibidi tutafute mashine nyingine ya kuchukulia spea. Alilipa zaidi ya ile elfu sitini aliyoikwepa.

Tatizo jingine linaanzia kwa muuzaji. HMT ni kampuni ya serikali ya India. Ilianza kutengeneza saa Bangalore mwaka 1961 ikishirikiana na Citizen ya Japani, na mwaka 2016 serikali ya huko iliidhinisha kufungwa kwa kampuni yake ya saa. Kwa hiyo ukioneshwa Janata yenye uso wa rangi ya chungwa unaong'aa, mara nyingi huo ni uso uliopakwa rangi upya. Kwa Seiko, geuza saa utazame mfuniko. Tarakimu nne za mwanzo, kwa mfano 7009 au 6119, ndizo namba ya mashine. Kisha tazama maandishi madogo sana chini ya uso, karibu na mahali pa namba 6: namba ya mashine inatakiwa kuwa ileile. Ikitofautiana, saa imeunganishwa vipande. Ikiwa maandishi hayapo, au yamevimba kama wino uliomwagika, uso umechapishwa upya.

Mama mmoja alimnunulia mumewe Seiko ya namna hiyo, nzuri kwa macho. Ndani kutu ilikuwa imeshika hadi kwenye kamani, na vichwa vya skrubu vimetafunwa kwa bisibisi isiyo saizi yake. Tulimwambia asitupe hela yake pale, akatafute saa nyingine. Hatukumtoza kitu.

Bora uso uliochakaa wenye asili yake kuliko uso mpya uliofunika mashine iliyooza. Hilo tutalisema hata kama wauzaji watanuna.

Kuhusu maji: maandishi ya kuzuia maji kwenye mfuniko yalikuwa kweli saa ilipotoka kiwandani. Mpira wa ndani sasa umekauka. Vua saa ukitawadha, ukioga, ukifua. Hapa Dar jasho na unyevu peke yake vinatosha kuiingiza kutu.

Na kabla hujasema tumekuuzia saa mbovu, elewa kwamba 7009 haitiwi ufunguo kwa mkono. Kuna waliozungusha kitufe kwa koleo mpaka kikakatika! Itikise taratibu nusu dakika, uivae, itajijaza kwa mwendo wa mkono. Tarehe usiibadilishe kuanzia saa tatu usiku hadi saa tisa usiku, maana meno ya kubadilishia yanakuwa yameshashikana na ukilazimisha yanakatika. Ikipoteza nusu dakika kwa siku, kwa umri wake hiyo ni nzima.

Bei tunaitaja baada ya kufungua mfuniko, kabla hatujagusa skrubu. Spea tulizotoa unarudishiwa kwenye kipakiti. Ukipata muuzaji anayekubali saa ikaguliwe kwanza, njoo nayo kabla hujamlipa. Kuangalia ndani ni bure.