Baskerville haiumizi macho, Mhariri

Mhariri,

Makala mliyochapisha toleo lililopita ilitutaka tuachane na herufi za serifi, zile zenye vikono vidogo kwenye ncha, kwa madai kwamba zinachosha macho na zimepitwa na wakati. Baskerville, mojawapo ya fonti hizo, ilitajwa kwa jina. Mimi ni mpanga kurasa, na fonti hiyo nimeitumia katika vitabu vingi. Naomba nafasi niitetee, ingawa si kwa kila kazi.

Lawama hiyo ni kongwe karibu sawa na herufi zenyewe. John Baskerville wa Birmingham, Uingereza, alikuwa mwalimu wa mwandiko na mchonga maandishi ya makaburini kabla ya kutajirika kwa vyombo vya kupaka vanishi. Kitabu chake cha kwanza, mashairi ya Virgil, mshairi wa Roma ya kale, kilitoka mwaka 1757, na haukupita muda wakazuka waliosema kwamba mistari ya herufi zake ni myembamba mno na itawapofusha wasomaji wa nchi nzima. Mwaka 1760 Benjamin Franklin, aliyekuwa mchapaji naye, alimwandikia kumsimulia jinsi alivyomnasa mmoja wao. Alichukua karatasi ya sampuli za herufi za William Caslon, mtengeneza herufi mwingine wa Uingereza, akaichana sehemu ya juu yenye jina, akampa bwana huyo akimwambia kuwa hizo ni herufi za Baskerville. Bwana akazipitia zote, akaonyesha kasoro huku na huku, na akalalamika kwamba hata wakati ule macho yalikuwa yanamuuma. Kumbe ndizo herufi alizozisoma maisha yake yote bila kuhisi chochote! Franklin akamstahi, hakumfichulia.

Sisemi kwamba kila anayelalamikia macho anajisingizia. Ila tuangalie Baskerville alibadilisha nini hasa. Katika herufi za Caslon, tofauti kati ya mstari mnene na mwembamba si kubwa, na unene wa herufi za duara umelalia upande, kama kalamu inavyoulaza. Baskerville aliongeza tofauti hiyo, akausimamisha unene karibu wima, akazichonga serifi zikawa kali, na herufi za duara akazipa upana. Itazameni g ndogo: kitanzi chake cha chini hakifungwi. E kubwa ina mkono wa chini mrefu kuliko wa juu, na Q ina mkia wa madaha unaoonyesha wazi kwamba mwenyewe aliwahi kufundisha mwandiko. (Aliyezichonga kwenye chuma ni John Handy, fundi ambaye jina lake halitajwi inavyostahili.)

Lakini Baskerville hakuishia kwenye umbo la herufi. Sehemu ya kitabu cha Virgil ilichapwa kwenye karatasi laini ya aina mpya. Alitengeneza wino mweusi zaidi, na kurasa zilizokwisha kuchapwa alizibana kati ya sahani za shaba zenye moto ili zing'ae. Zaidi ya yote aliacha nafasi: kati ya mistari, kati ya herufi kubwa za vichwa, na pembezoni mwa ukurasa. Herufi hizi zilizaliwa zikiwa na nafasi yake. Leo mchapishaji anazishusha hadi pointi 9 (pointi ni kipimo cha ukubwa wa herufi), anabana mistari ili apunguze kurasa, anachapa kwenye karatasi inayometameta chini ya taa, kisha msomaji anapoumwa kichwa lawama anatupiwa Baskerville. Bana mistari hivyohivyo kwa fonti yoyote isiyo na serifi, malalamiko yatakuwa yaleyale.

Kuhusu kupitwa na wakati, tayari zilishawahi kupitwa. Baada ya Baskerville kufariki mwaka 1775, mjane wake Sarah aliuza zana za herufi hizo Ufaransa kwa Beaumarchais, mwandishi wa tamthilia, aliyezitumia kuchapa maandiko ya mwanafalsafa Voltaire, na kwa zaidi ya karne zikawa hazina mashabiki wengi. Kampuni ya Monotype, watengenezaji wa mashine za kupanga herufi, ilizifufua mwaka 1923, na hadi leo zinatumika vitabuni.

Yapo mahali ambapo singeitumia. Kwenye karatasi ya gazeti mistari yake myembamba huvurugika, na kwenye maelezo ya picha ya pointi 7 baadhi ya matoleo yake ya kompyuta hufifia kabisa. Kwa kuwa ni fonti pana, na maneno ya Kiswahili ni marefu, safu nyembamba iliyonyooshwa pande zote mbili hujaa mapengo. Wala singeiweka kwenye kibao cha barabarani. Maandishi meupe juu ya rangi nyeusi nayo huimeza mistari hiyo.

Ombi langu ni hili. Kabla hamjabadilisha fonti ya jarida, chapeni makala moja kwa sura mbili, Baskerville na hiyo mpya mnayoipendelea, bila kutaja jina la yoyote. Msilinganishe kwa namba ya pointi, maana fonti mbili za pointi 11 zinaweza kutofautiana sana kwa ukubwa unaoonekana. Linganisheni kwa urefu wa x ndogo. Mistari iachiwe nafasi ileile, upana wa safu uwe mmoja. Wasomaji waseme ipi inawachosha. Maelezo ya picha yaacheni bila serifi kama yalivyo sasa, yanasomeka vizuri.

Wenu,
Mpanga kurasa