Risala ya kikundi cha wapangaji wa mlimani Mabatini, Mwanza, kwa mgeni rasmi

Mheshimiwa mgeni rasmi, Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa, viongozi wa dini, wazee wetu, wanachama na majirani, tunawasalimu kwa heshima. Mgeni wetu uliyelazimika kuacha gari chini na kupanda mawe kwa miguu, pole sana.

Kikundi chetu cha kuweka na kukopa kilianza na akina mama 12. Leo tuko 41, wakiwemo wanaume tisa, na sote ni wapangaji. Hesabu zetu zimo kwenye daftari hapo mezani kwako, hatutakuchosha nazo.

Tulilokuitia ni kile kiwanja cha karakana ya zamani ya Serikali. Kufuli la geti limekula kutu hadi ufunguo hauingii. Ndani kuna magofu mawili, mwembe, na kijia cha watoto wanaopenya kwenye seng'enge kwenda kucheza mpira. Tangu isikike kwamba Serikali haina tena kazi nacho, mtaa umegawanyika. Wafanyabiashara wanataka fremu za maduka. Wengine wanataka kipimwe, kiuzwe kwa mnada, halmashauri ipate mapato. Wenye nyumba wanahofia kwamba ghorofa zitaziba upepo wa ziwa na kushusha kodi. Hofu ya upepo tunaielewa. Hiyo ya kodi, mheshimiwa, sisi tunaiombea itimie.

Huku juu hatukupandishwa na mandhari. Masika yaliyopita jirani yetu alishikwa uchungu usiku, mvua inanyesha, bajaji haifiki. Vijana wakang'oa mlango wa choo, wakamlaza juu yake, wakashuka naye jiwe kwa jiwe hadi barabarani. Mtoto ndiye huyo anayelia pale nyuma. Mlango ulirudishwa, ila mpaka leo haufungi vizuri.

Tunaambiwa tuhamie Kisesa au Buhongwa, viwanja vipo. Ni kweli vipo. Lakini anayetakiwa kuwa soko la Mwaloni alfajiri kununua dagaa, nauli itamaliza faida kabla hajafungua gunia. Na ufukweni hatuwezi kujibanza, maana Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka ziwani ziachwe bila shughuli za kudumu.

Kwa hiyo tunaomba nyumba za gharama nafuu zijengwe pale. Hapo kwenye "nafuu" ndipo tunapoomba utusikilize vizuri. Nafuu kwa kipato cha nani? Mwanachama wetu hana slipu ya mshahara ya kupeleka benki, ana beseni la dagaa. Anachoweza ni kulipa kidogo kidogo kila wiki, kama anavyonunua hisa kwenye kikundi. Kodi ya miezi sita kwa mkupuo, tunayodaiwa sasa, ndiyo inayotupeleka kwa wakopeshaji wa mtaani. Nyumba ikipangiwa bei bila kuangalia beseni hilo, itakaliwa na watu wengine, sisi tutaitwa kufua nguo zao.

Kiwanja kisiuzwe. Sheria ya Ardhi ya 1999 inasema ardhi yote ni ya umma, Rais akiwa mdhamini, na hiki tayari kimo mikononi mwa Serikali. Kikishapigwa mnada, kukirudisha itabidi kulipa fidia. Wenzetu wa fremu wapewe sakafu ya chini, hatuna ugomvi nao. Juu wakae watu, na anayeweza kununua chumba chake taratibu aruhusiwe, kwa kuwa tangu 2008 kuna sheria ya kumiliki sehemu ya jengo. Na mchoraji wa ramani, kabla hajachora, aje kwenye mkutano wa mtaa. Mwembe tunaomba ubaki.

Mheshimiwa, baada ya chai tungependa tushuke nawe ukakione. Ufunguo hatuna, ila watoto watatuonyesha pa kupita.

Naomba kuwasilisha.