Salamu za Krismasi, ya kwanza bila Bibi

Wazee wangu, shikamooni. Baba Mkubwa, baba wadogo, mashangazi na wajomba. Kaka, dada, mashemeji na wakwe zetu. Wajukuu na vitukuu vya Bibi popote mlipo, Bwana Yesu asifiwe.

Kwa niaba ya familia nzima nawatakia heri ya Krismasi na baraka tele za Mwaka Mpya. Mwenyezi Mungu aliyetuvusha hadi leo atujalie afya, amani na upendo, na mwaka ujao atukutanishe tena sote.

Hayo juu nimeyaandika kwa kukariri. Ni maneno ya Bibi. Kwa miaka 11 kazi yangu ilikuwa kushika kalamu, na baadaye simu, yeye akisema nami nikiandika, na hakuwahi kubadili neno. Mwaka mmoja nilimwambia, Bibi, safari hii tuseme kitu kipya. Akanitazama juu ya miwani: "Kwani Krismasi ni mpya?" Nikaandika yaleyale. Sasa nimekaa siku tatu na simu mkononi, hakuna wa kunisomea, na mwisho nimejikuta nimefika palepale kwenye "atukutanishe tena sote". Nikasita. Nimeliacha neno "sote" kwa sababu ni lake.

Mwaka wenyewe mnaujua, umetukaba. Wapo waliopoteza kazi, wapo waliouguza, wapo ambao hata kuja mwezi huu wanapiga hesabu mara tatu na haikubali. Lakini hayo tumeshayabeba miaka mingine, tena tukacheka. La Bibi ndilo lililotumaliza.

Msibani watu walitufariji kwamba mzee wa miaka 94 amekula chumvi nyingi, mshukuruni Mungu. Tunashukuru, kweli. Zaburi ya 90 inampa mtu miaka 70, na mwenye nguvu 80. Yeye alipewa 14 ya nyongeza, na karibu yote aliitumia akiwa na akili zake na ukali wake. Ila mimi naona jambo hili kinyume na wafariji. Aliyefiwa na mzazi kijana ana kumbukumbu ya kabla na ya baada. Sisi hatuna kabla. Hakuna hata mmoja kati yetu aliyewahi kuishi siku moja duniani bila Bibi kuwepo, sasa tunajifunza uzeeni, wengine mkiwa na mvi.

Msimu huu ndio unanikumbusha ugomvi wake na maigizo ya Krismasi. Kila mwaka watoto wa Shule ya Jumapili wanaigiza: Mariamu, Yusufu, wachungaji, malaika wenye mashuka, mamajusi wakizozania nani abebe dhahabu. Bibi anakaa benchi lake la tatu, upande wa dirisha, anapiga makofi kwa adabu, halafu nje ya mlango anamkamata mwalimu wao: "Na Ana je?" Ana binti Fanueli, wa kabila la Asheri, yuko hapohapo kwenye Luka sura ya 2, baada ya Simeoni. Alikaa na mume miaka saba tu, kisha ujane, naye haondoki hekaluni, anafunga na kuomba usiku na mchana. Wasomi hubishana kama ile 84 ni umri wake au ni miaka ya ujane wake. Bibi hakuwa na muda na ubishi huo. Alisema, vyovyote iwavyo, ni bibi kizee aliyekuwa akimngoja mtoto, na mtoto alipofika alimtambua.

Alimpenda Ana kwa sababu alijiona humo. Babu alimwacha akiwa na ndoa ya miaka 32, na baada ya hapo akaishi 38 peke yake, kama hayo ni peke yake, kwa nyumba ile isiyowahi kukosa mtoto wa mtu. Magoti yalipogoma kusimama kwenye nyimbo, akawa anainua mkono mmoja juu, na kwaya ikimaliza yeye alikuwa bado ana ubeti. Mchungaji alijua kusubiri.

Tulipokuwa tunapanga vitu vyake, Shangazi alinipa Biblia nishike kidogo. Ni ile ya tafsiri ya Muungano. Tafsiri hiyo ilipotoka mwaka 1952 Bibi alikuwa mwanamwali wa miaka 21, na nakala yake aliipata siku ya ndoa. Gamba limeshonwa kwa uzi mweusi wa viatu. Ndani ya gamba la nyuma kuna majina yetu, kwa wino wa bluu, kwa zamu ya kuzaliwa. Wakwe wameingizwa pembeni, kila mmoja mkabala na mwenzake, hata wale wawili ambao ndoa zao zilivunjika, hakuwafuta. Waliotangulia hakuwakata, ameweka msalaba mdogo mbele ya jina na kuendelea. Ndiyo orodha aliyokuwa akiiomba kila alfajiri. Hata mwaka ule wa mwisho, alipokuwa akituchanganya, akimwita huyu kwa jina la baba yake, alipoweka kidole kwenye ukurasa ule hakukosea mtu.

Jina langu lipo mara mbili. Mara ya kwanza liko mahali pake, kati ya dada yangu na binamu. Mara ya pili liko chini kabisa, baada ya vitukuu, kwa mwandiko wa kutetemeka. Wakubwa mnajua kwamba kuna miaka miwili sikukanyaga pale wala kupiga simu, na mnajua sababu, na sababu yenyewe leo ninaona aibu kuitaja. Huenda alisahau kwamba ameshaniandika, maana alikuwa anasahau. Huenda hakusahau. Sikuwahi kumwomba msamaha kwa maneno. Nilirudi tu nikaanza kumwandikia salamu, naye akasogeza kiti.

Sasa wapendwa, mnivumilie, najua nahubiri na mimi si mhubiri. Tumekuwa watu wa kubonyeza mikono miwili ya kuomba kwenye kikundi cha familia, halafu basi, tumemaliza. Mwenzetu anaandika anaumwa, mikono 20 inapangana, hakuna aliyempigia. Bibi hakuwa na mikono ya kubonyeza, alikuwa na magoti, na chakula kilipoa mezani tukimngoja amalize majina, tukanung'unika. Tunung'unike sasa. Nani anatuombea? Mtume Paulo alipoitafuta imani ya Timotheo ilikotoka, alianzia kwa bibi yake Loisi, akaja kwa mama yake Eunike, ndipo akamfikia kijana. Watoto wetu wataelekezwa kwa nani? Wapo humu ndugu wawili ambao hawajasalimiana tangu siku ya arobaini, kwa ajili ya kiwanja. Siwataji. Mmesimama kwenye karatasi ile mstari mmoja juu ya mwingine, hakuna hata nafasi ya kupitisha wembe katikati yenu. Pigianeni simu kabla ya mkesha. Na wewe ambaye hujaingia kanisani tangu harusi yako, ingia, hata ukikaa nyuma. Na tusigombee vyombo vyake. Na tuache kusema "Bibi angetaka hivi" kila tunapotaka sisi.

Basi. Tarehe 25, ibada ikitoka, tukutane kwake kama kawaida. Shangazi atakuja na Biblia. Tutasoma majina yote, wenye misalaba na wasio nayo, na jina la Bibi litaongezwa juu kabisa, maana mwenyewe hakujiandika. Watakaoshindwa kufika tutawataja, msione tumewasahau. Kuna vitukuu wawili waliozaliwa baada ya mkono wake kuchoka, hawamo bado. Mwenye mwandiko mzuri ajiandae, na aje na kalamu ya bluu.

Heri ya Krismasi na Mwaka Mpya wenye fanaka.

Ni mimi mjukuu wenu, mwandishi wa Bibi.