Akina Polgár: msimsahau dada mkubwa

Ndugu Mhariri,

Kila wakitajwa akina dada Polgár wa Hungaria naona stori inaishia kwa baba. Eti László aliamini kipaji kinatengenezwa, akawafundisha mabinti nyumbani kwao Budapest yeye na mkewe Klára, chesi kila siku, wakatoka mabingwa watatu. Sawa, ni kweli, lakini mbele ya ubao walikaa wenyewe jamani, na milango ilipofungwa aliyeachwa nje hakuwa baba, alikuwa kifungua mimba wake.

Zsuzsa, ambaye wengi tunamjua kama Susan, alizaliwa 1969. Mwenyewe anasimulia kwamba alikuwa mdogo sana, anatafuta kitu cha kuchezea kabatini, akakuta kete za chesi, akamuuliza mama hivi ni vitu gani, mama hajui kucheza akamwambia subiri baba arudi. Yaani mtoto ndiye aliyeikuta chesi. Akiwa na miaka 4 tu akachukua ubingwa wa wasichana wa Budapest wa chini ya miaka 11, mechi 10 kashinda zote 10.

Halafu angalieni alichofanyiwa. Mwaka 1986 alifuzu hatua ya kanda kuelekea ubingwa wa dunia, ila siku hizo uliitwa wa wanaume, basi akazuiwa kwa kuwa ni mwanamke. Januari 1987 shirikisho la dunia, FIDE, likawaongezea wanawake wote pointi 100 kwenye viwango vyao isipokuwa yeye peke yake! Sababu waliyotoa ni kwamba wenzake wanacheza wao kwa wao kwa hiyo viwango vyao viko chini, yeye anacheza na wanaume hahitaji. Alikuwa namba 1 kwa wanawake duniani, akaamka sio namba 1 tena, bila kupoteza hata mechi moja. Hilo linaniuma mpaka leo, maana aliadhibiwa kwa kuthubutu kukaa na wakubwa.

Hakuacha. 1988 kule Thessaloniki, Ugiriki, alikuwa na wadogo zake Zsófia na Judit pamoja na Mhungaria mwenzao Ildikó Mádl, wakawavua Wasovieti dhahabu ya olimpiadi ya chesi ya wanawake, Judit ana miaka 12 na pointi 12 na nusu kati ya 13. Mwaka uliofuata Zsófia, miaka 14, akaenda kwenye mashindano Roma akapata pointi 8 na nusu kati ya 9 mbele ya magrandmasta wanaume, yaani wenye cheo cha juu kabisa cha chesi (na huyu naye wa katikati mnamrukaga sana). Januari 1991 Susan akapata ugrandmasta kwa masharti yaleyale ya wanaume, Desemba hiyohiyo Judit naye akaupata akiwa na miaka 15 na miezi 4 na kuvunja rekodi ya Mmarekani Bobby Fischer ya tangu 1958 ya grandmasta mdogo kuliko wote. Baadae Judit alimfunga Garry Kasparov, aliyekuwa namba 1 duniani, mwaka 2002 Moscow kwenye mechi ya haraka, akafika namba 8 duniani, wanaume na wanawake kwa pamoja.

Nampenda Judit sana, ila alipita njia ambayo dada yake alishaipigania. Kwa hiyo Mhariri, siku mkiandika tena habari zao naomba muanze na ile Januari 1987, baba aje baadae.

Msomaji wenu